Mkono Unaofua: Ludewa, Pwani na Hesabu ya Sabuni

Kitenzi kufua kina kazi nne katika Kiswahili. Mhunzi hufua chuma kwa nyundo. Mkulima wa pwani hufua nazi kwenye kifuo. Mtambo uliowekwa kwenye maporomoko ya mto hufua umeme. Na mama aliyeinamia beseni hufua nguo. Kazi zote nne zina nguvu ndani yake: kitu kigumu au kizito hupigwa, huchanwa, husukumwa au hufikichwa mpaka kitoe kilichotakiwa. Wilaya ya Ludewa, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa na ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Njombe, ni miongoni mwa mahali pachache ambapo tatu kati ya kazi hizo zimekutana katika historia ya watu wale wale. Ya nne, yaani ya nazi, ni ya huku pwani. Lakini baina ya pwani na Ludewa pana uzi wa zamani, nao ni uzi wa nguo na wa mikono inayozifua.

Ludewa imelala baina ya milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa. Juu kuna nyanda zinazopita meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako miezi ya Juni na Julai huleta baridi inayofisha ganzi vidole. Chini, ufukweni, ziwa liko katika kimo cha takriban meta 470, na joto lake mtu wa Unguja hawezi kulishangaa. Huko juu wanaishi Wapangwa. Ufukweni wako Wakisi, ambao wanawake wao wanajulikana kwa ufinyanzi wa vyungu, na Wamanda walio karibu na mto Ruhuhu. Kwa hiyo hata kazi moja ya kufua nguo ina sura mbili katika wilaya hii. Ufukweni nguo huanikwa juu ya mawe na kukauka kabla mwenye nguo hajamaliza kuoga. Milimani, siku za ukungu, shuka iliyofuliwa asubuhi hulala mbichi, ikaingizwa ndani na kumalizia kukauka karibu na moto, na kesho yake hunuka moshi.

Kabla ya sifa ya nguo ilikuwako sifa ya chuma. Wapangwa ni katika watu wa nyanda za juu za kusini waliojua kuyeyusha mawe ya madini katika matanuri ya udongo yaliyovuviwa kwa mivukuto, kisha wakafua majembe, shoka na mikuki. Jembe lilikuwa zaidi ya chombo cha shamba: lilitolewa mahari, lilibadilishwa kwa mifugo na chumvi, na kwa hiyo kazi ya mhunzi ilikuwa na kipimo kilichojulikana na kila mtu. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipoingia, tanuri hizo zilizimika moja baada ya moja. Mawe ya chuma ya Liganga yangalipo, na makaa ya Mchuchuma yangalipo jirani yake. Mkataba wa kuyachimba ulitiwa saini mwaka 2011 baina ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Kichina, ukazungumzwa kwa miaka mingi bila ya tanuri kuwaka. Jambo la kuzingatiwa hapa ni moja tu: mfua chuma alikuwa na jina, heshima na malipo.

Mfua nguo alikuja baadaye, kwa sababu nguo yenyewe ilikuja baadaye. Watu wa nyanda hizo, kama jirani zao wengi wa bara, walivaa ngozi na nguo za magome ya miti. Gome hupondwa kwa nyundo ya mti mpaka lilainike. Ngozi husuguliwa kwa mafuta. Vazi la namna hiyo halihitaji sabuni. Pamba ndiyo iliyokuja na madai yake. Misafara iliyotoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa katika karne ya 19 ilibeba majora ya amerikani, kitambaa cheupe kisichotiwa rangi ambacho kiliteka soko la Zanzibar baada ya Sayyid Said kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Jora lilikwenda bara, na pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa minyororo wakaja pwani. Nguo nyeupe ikawa alama ya utu uzima, ya biashara na ya kujuana na mwambao. Lakini weupe una gharama: kila tone la jasho na kila chembe ya vumbi huonekana, na nguo nyeupe isiyofuliwa humwaibisha mwenyewe kuliko ngozi iliyochakaa.

Gharama hiyo ilianza kulipwa mapema sana huku visiwani, na aliyeilipa si aliyevaa. Sehemu kubwa ya watumwa waliofikishwa Unguja kupitia Kilwa walitoka katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyasa, hata jina Mnyasa likawa la kawaida mijini na mashambani. Wengine walichuma karafuu. Wengine waliingizwa majumbani kuchota maji, kupika, kufagia na kufua. Mwana Kupona binti Mshamu, alipoutunga utenzi wake kiasi cha mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alimwusia unadhifu wa mwili, wa nyumba na wa mume. Na katika wasia huo huo alimkanya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Wapenzi wa ushairi wameusoma wasia huo kwa jicho la adabu na la dini, nao unastahiki kusomwa hivyo. Lakini ndani yake mna pia ushahidi wa historia ya kazi: nyumba ile nadhifu ilikuwa na mikono mingine, na mikono hiyo ilikuwa na saa yake ya kukaribiwa na saa yake ya kuepukwa.

Nguo ilionyesha wazi nani ni nani. Wanawake watumwa walivaa kaniki, kitambaa kilichotiwa rangi nzito ya kiza isiyoonyesha uchafu, kwa sababu aliyewavika hakutaka kuwapa wasaa wala sabuni ya kufulia zao. Amri ya kuufuta utumwa ilitolewa Unguja tarehe 6 Aprili 1897, na katika miaka iliyofuata waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakashika kanga, yenye maua, miji na baadaye majina. Kanga mpya huja na wanga wake na hutoa rangi mara ya kwanza. Lazima ifuliwe peke yake kabla ya kuvaliwa. Mwanamke aliyekuwa akifua nguo za bwana akawa sasa anafua kanga yake mwenyewe, katika maji yake mwenyewe. Katika historia yote ya beseni, huenda hakuna siku iliyokuwa na furaha kuliko hiyo. Ni kazi ile ile, yenye maumivu yale yale ya mgongo, lakini aliyefaidika nayo amebadilika.

Wenye uwezo, kwa upande wao, walimpelekea dobi. Neno lenyewe limetoka Uhindini pamoja na watu wa kazi hiyo, kama ambavyo sabuni ni neno la Kiarabu na beseni ni la Kiingereza. Katika maneno haya ya ufuaji, kitenzi kufua ndicho kilichozaliwa nyumbani. Dobi alikuwa mwanamume. Alitia wanga na buluu, alipiga pasi ya mkaa, na alilipwa kwa kila kanzu. Katika nyumba za Wazungu wa Tanganyika pia, mpishi, dobi na mtumishi wa ndani walikuwa wanaume wa mshahara, na katika miaka ya 1940 Dar es Salaam ilikuwa na chama kilichowaunganisha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani. Mtafiti Janet Bujra, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000 kuhusu utumishi wa nyumbani nchini Tanzania, amefuatilia jinsi kazi hiyo, iliyokuwa ya wanaume kwa muda mrefu, ilivyogeuka kidogo kidogo kuwa ya wanawake na wasichana. Kwa hiyo usemi kwamba kufua ni kazi ya mwanamke kwa maumbile haukubaliani na historia. Palipokuwa na mshahara wa maana, wanaume waliifanya na wakaiundia chama. Palipokosekana mshahara, iliachiwa wanawake.

Misheni nazo zilikuwa daraja. Misheni ya Vyuo Vikuu, maarufu kwa jina la UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864. Huko Mbweni ilifungua shule ya wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na wale ambao hawakuelekezwa kwenye ualimu walifunzwa kazi za mikono, kufua na kupiga pasi zikiwa miongoni mwake. Mwaka 1885 misheni hiyo hiyo iliweka makao katika kisiwa cha Likoma, ndani ya Ziwa Nyasa, na mwaka 1901 meli yake Chauncy Maples ilianza safari katika ziwa hilo, ikihudumia fukwe zake. Wabenedikti wa Peramiho walizifikia nyanda za juu kutoka upande wa kusini, na hospitali ya Lugarawa ni alama yao mojawapo. Pamoja na shule na zahanati ilikuja sare, na pamoja na sare ikaja siku ya kufua. Mtoto mwenye sare moja alilazimika kuifua jioni na kuivaa asubuhi, hata kama ukungu haukuondoka. Usafi ukawa somo la darasani, na gharama yake ikabaki nyumbani.

Gharama hiyo iliongezeka serikali ya Kijerumani ilipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898. Kodi ilitakiwa kwa sarafu, na sarafu haikuwako milimani. Ilikuwa mashambani mwa wageni, mwendo wa wiki kadhaa kwa miguu. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo Wapangwa nao waliviingia, viliacha njaa nyuma yake, na baada ya njaa njia ya kwenda pwani ikawa pana zaidi. Chini ya Waingereza, wilaya za Njombe na Songea, Ludewa ikiwa ndani yake, zilikuwa chimbuko la vibarua wa katani. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba ya mkataba wake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyowasafirisha watu kwa maelfu kuwapeleka Tanga na kwingineko. Kibarua aliporudi alikuja na blanketi, shati, kaptura, kanga ya mke na mche wa sabuni. Mshahara wake ulikuwa mdogo kwa sababu mwajiri alihesabu kwamba mke na watoto wana shamba lao kijijini na hawamhitaji kulishwa. Wala hakuna aliyemhesabia mke yule saa zake za kulima, kuchota, kupika na kufua. Mshahara mdogo wa Tanga uliwezekana kwa kazi isiyolipwa ya Ludewa.

Hapo ndipo ulipozaliwa ujuzi wa kubana sabuni, ambao akina mama wa milimani wameurithishana na ambao mchumi yeyote angeuheshimu. Mche haukufuliwa mzima. Ulikatwa vipande kwa uzi au kisu, vikaachwa vikauke mahali penye upepo, kwani sabuni mbichi huyeyuka upesi na kavu hudumu. Nguo zililowekwa kwanza, ili maji yafanye nusu ya kazi kabla ya sabuni kuguswa. Kisha ukafuatwa utaratibu: nyeupe hutangulia, za rangi hufuata katika povu lile lile, za shamba huja baada ya hapo, na mwisho matambara. Maji yaliyobaki hayakumwagwa. Yalisugulia sakafu, yakaoshea miguu. Sabuni ilipokwisha kulikuwa na majivu. Majivu ya kuni yakiwekwa katika chombo chenye matundu na kumiminiwa maji, maji yatokayo chini huwa na ukali unaokata mafuta, kwa sababu majivu yana chumvi ya namna ya magadi. Kuna na mimea yenye povu, ambayo wajuzi waliifahamu kwa majina ya kwao. Na juu ya yote kuna jua, dobi asiyedai chochote, linalong'arisha nyeupe na kuua wadudu.

Kwa hiyo ni kweli kwamba kufua kwa mkono nyumbani huokoa fedha. Lakini ni vyema hesabu ikaandikwa yote. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Tuseme nguo za jamaa ya watu sita zahitaji ndoo sita, za kulowekea, kufulia na kusuuzia. Hizo ni kilo 120 za maji, na kama chemchemi iko bondeni, zapandishwa mlima kichwani. Ndiyo maana mwenye akili huteremsha nguo mtoni badala ya kupandisha maji nyumbani. Lakini nguo mbichi nazo ni nzito, na blanketi lililoloa hushinda nguvu za mtu mmoja: hukamuliwa na wawili, kila mmoja akishika ncha yake na kusokota. Ongeza baridi ya Juni, nyufa za vidole zinazochomwa na sabuni, kiuno kilichoinama saa tatu, na mtoto mgongoni. Fedha ya dobi au ya mashine imeokolewa kweli. Imelipwa kwa nyama ya mkono na kwa muda.

Serikali ya uhuru iliutambua usafi kuwa ni jambo la taifa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilienezwa kwa redio na vikundi vya kusoma nchi nzima, ikafundisha juu ya vyoo, maji safi na magonjwa. Lakini katika miaka hiyo hiyo Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka makwao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji. Mahali pengi kijiji kilisogezwa barabarani na mto ukabaki ulipo. Shule na zahanati zikakaribia, maji yakawa mbali. Yule aliyefundishwa redioni kwamba nguo safi ni afya ndiye aliyelazimika kutembea zaidi ili azifue.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na sabuni ikawa bidhaa ya kupangiwa foleni pamoja na sukari na khanga. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, katoni ya sabuni iliyofichwa chumbani iliweza kumfikisha mtu mbele ya baraza. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawajasahau majani ya mpapai, ambayo yakifikichwa hutoa povu na kuondoa taka. Mpapai ni mti wa joto; wa ufukweni waliupata mlangoni, wa milimani wakarudi kwenye majivu ya bibi zao. Baada ya mwaka 1985, katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi, milango ya biashara ilifunguliwa, na mitumba ikajaa masoko mpaka ya vijijini. Nguo zikawa nyingi na rahisi kuliko wakati wowote. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba nguo nyingi ni kufua kwingi: sweta, jinzi na majaketi ya nchi za baridi, yaliyoshonwa kwa ajili ya mashine, yakaja kufuliwa kwa vidole katika maji ya milimani.

Msiba mkubwa zaidi wa miaka iliyofuata uliifanya kazi hii kuwa ya huzuni. Mkoa wa Njombe ulionekana, katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012, kuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 14.8 ya watu wazima. Kabla ya dawa za kupunguza makali kuanza kutolewa bure mwaka 2004 na kuenea baadaye, wagonjwa waliuguzwa nyumbani. Muuguzi wa nyumbani ni, kabla ya yote, mfuaji: shuka hubadilishwa mara kadhaa kwa siku, na kila ibadilishwapo hufuliwa. Mama wazee na mabinti walifua shuka za wagonjwa, na baadaye wakafua za mayatima. Hakuna aliyeuita usafi huo akiba.

Mayatima wale walipokua, wengi wao wasichana, walishika njia iliyoshikwa na babu zao, kuelekea pwani. Nyanda za juu za kusini, hasa Iringa na Njombe, zimejulikana kwa miaka mingi kuwa ndiko wanakotoka wasichana wa kazi za ndani wa Dar es Salaam na miji mingine. Si mayatima peke yao; umaskini, ada ya shule na tamaa halali ya kuuona mji vimewasukuma wengine wengi. Nyumba ya mjini inaposifu uangalifu wake wa matumizi, kwamba haikununua mashine wala haipeleki nguo kwa dobi, mara nyingi iko mikono ya binti wa milimani nyuma ya sifa hiyo. Kwa Tanzania Bara, amri ya mshahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilikipandisha kuwa shilingi 60,000. Hiyo ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku, ambayo ndani yake mlikuwa na kupika, kulea, kufagia na kufua. Chama cha CHODAWU kimewatetea watumishi hao, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mjini Geneva, Juni 2011, mkataba namba 189 unaotamka kwamba kazi ya nyumbani ni kazi kama nyingine. Lakini kima cha chini kina maana kwa yule tu anayejua kwamba kipo, na binti wa miaka 15 aliyeletwa na shangazi wa kuunga hukijua mara chache.

Wataalamu wa hesabu za taifa nao wana ajabu yao. Kwa kanuni za kimataifa za kukokotoa pato la taifa, kuchota maji kwa matumizi ya nyumbani kunahesabika kuwa ni uzalishaji, kwa sababu maji ni kitu. Kufua kwa ajili ya jamaa hakuhesabiki, kwa sababu ni huduma isiyouzwa. Mwanamke wa Ludewa anapopanda kilima na ndoo kichwani, kwa kanuni hizo anaongeza pato la nchi. Akiiteremsha ndoo ile na kuinamia beseni, ametoka nje ya uchumi. Akizifua nguo zile zile kwa jirani akalipwa, amerudi ndani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipouliza, mwaka 2006 na tena mwaka 2014, watu wanavyozitumia saa 24 za siku, mara zote mbili wanawake walionekana kutumia muda mwingi zaidi kuliko wanaume katika kazi za nyumbani zisizolipwa. Muda upo na umepimwa. Bei ndiyo haikuwekwa.

Daktari wa Kiswidi Hans Rosling, ambaye kabla ya umaarufu wake alitibu watu Nacala, katika mwambao wa Msumbiji, alitoa mwaka 2010 mhadhara mmoja uliosikika duniani kote kuhusu mashine ya kufulia. Alisimulia jinsi mama yake alivyoipata mashine ya kwanza, na kwamba saa zilizopatikana ziliwapeleka mama na mtoto maktaba. Kwa mpenzi wa ushairi hiyo ndiyo hesabu iliyo wazi kuliko zote. Mtu hawezi kujua ni beti ngapi zilizoishia katika maji ya beseni, huku mtungaji wake akifikicha kola ya shati la mwingine.

Ludewa yenyewe imeanza kufua kwa maana ya tatu. Mito inayoteremka kutoka milimani, ile ile iliyooshea nguo, imewekewa mitambo midogo Mawengi na Lugarawa, na umeme wake huuzwa vijijini. Umeme ulipofika ulitiwa kwanza katika taa, simu, redio na mashine za kusaga, na ni sawa, kwani kinu kilikuwa kimewatesa akina mama zaidi ya beseni. Mashine ya kufulia yataka umeme mwingi, bomba lenye shinikizo na bei ambayo kaya ya mkulima wa mahindi haina. Mpaka zitakapopatikana, mawe ya mtoni yataendelea na kazi yao.

Mfua chuma wa Upangwa alilipwa kwa jembe. Mfua nazi wa visiwani hulipwa kwa idadi ya nazi alizomaliza kwenye kifuo. Umeme hufuliwa na kuuzwa kwa uniti, na asiyelipa hukatiwa. Kati ya wafuaji wote waliopewa kitenzi hiki, ni yule wa nguo za nyumbani peke yake aliyekosa kipimo, na nyumba iliyookoa fedha kwa mkono wake ndiyo yenye uwezo wa kumwekea: kwa mke na mama, zamu ya mume na vijana wa kiume kwenye beseni, kwa binti aliyetoka Ludewa, mshahara kamili mwisho wa mwezi, siku ya kupumzika, na saa ya kushika kitabu nguo zikiwa kambani.